Sura ya Tano: Hedhi Ipitayo Kiasi

Katika miezi ya Juni na Julai, wakati baridi ishukapo kutoka safu ya Uporoto na ukungu ukakaa juu ya mji wa Mbeya hata jua likakawia kuonekana, wasichana wa shule za bweni huvaa sweta tangu alfajiri mpaka saa ya kulala; na ikiwa mmoja wao ameivua ya kwake katikati ya kipupwe hicho, akaifunga kiunoni kwa fundo la mikono mbele, mgongo wa sweta ukining'inia nyuma juu ya sketi, wenzake hutazama kando kwa adabu, maana wanajua kinachositiriwa. Msichana huyo anatetemeka, naye amechagua kutetemeka kuliko kuonekana. Usiku ametandika chini yake kanga iliyokunjwa mara nne, akavaa pedi mbili pamoja badala ya moja, na hata hivyo shuka imelowa; asubuhi ameamka kabla ya kengele ili afue asionwe na mtu; darasani huketi nyuma, akiomba ruhusa ya kutoka kila kipindi; na hesabu ya siku zake haiishi kwa tano wala kwa saba, bali hufika tisa, kumi, pengine kumi na mbili. Sura hii imeandikwa kwa ajili yake, na kwa ajili ya wote walio na wajibu wa kumwuliza lile ambalo haya imemzuia kulisema.

Yafaa kwanza tujue kiasi. Hedhi ya kawaida, kwa wanawake walio wengi, hutoa damu ya mililita 30 au 40, nayo hudumu siku mbili hadi saba. Na kwa msichana aliyevunja ungo karibuni si ajabu mwezi mmoja kutofautiana na mwingine, mwanzo wa hedhi moja hadi mwanzo wa nyingine ukiwa siku 21 safari hii na siku 45 safari ijayo. Mwaka 1966 wataalamu wa mji wa Gothenburg, katika nchi ya Sweden, walichapisha matokeo ya kupima damu ya hedhi ya wanawake wa mji wao, wakaona kwamba aliyepoteza zaidi ya mililita 80 kila mwezi aghalabu huishia kupungukiwa na damu. Na tangu siku hizo mpaka huo umetumika duniani kote. Mililita 80 si nyingi kwa macho, maana hazifiki nusu ya kikombe cha chai. Lakini kila mililita mbili za damu huondoka na takriban miligramu moja ya madini ya chuma, ilhali mwili hufyonza kutoka chakulani miligramu moja au mbili tu kwa siku, na hivyo msichana avukaye mpaka huo hutumia kwa siku chache hazina aliyoichuma kwa majuma mengi. Na kwa kuwa hakuna mama awezaye kupima damu kwa mililita nyumbani kwake, matabibu wameweka alama ambazo kila mtu huweza kuzihesabu: pedi au kitambaa kilowacho chote ndani ya saa moja au mbili, madonge ya damu yenye upana uzidio sentimita mbili na nusu, kuamka usiku ili kubadili, kuvuja hadi kwenye nguo za juu, siku zipitazo saba, na kuacha shule, shamba au michezo kwa sababu ya damu.

Wazee wetu hawakuwa wajinga wa tofauti hii. Katika elimu ya fiqhi hedhi ni jambo moja na istihadha, damu itokayo nje ya hedhi, ni jingine, na hadithi ya Fatima binti Abi Hubaysh, aliyemwendea Mtume kulalamika kwamba damu yake haikomi, ina jibu kwamba damu ile ilitoka katika mshipa wala haikuwa ya hedhi. Madhehebu ya Shafi, yafuatwayo katika pwani yetu, yameweka mwisho wa hedhi kuwa siku kumi na tano kwa muradi wa sala na saumu. Tabibu, ambaye muradi wake ni siha, huanza kuuliza mapema zaidi, ipitapo siku ya saba. Na katika makanisa ya Nyanda za Juu, kwa Wamoravian wa Rungwe kama kwa Wakatoliki wa Tosamaganga, husomwa mbele ya watu wote habari ya mwanamke aliyetokwa na damu miaka kumi na miwili, akawaendea waganga wengi na kumaliza mali yake asipate nafuu. Ikiwa msikitini na kanisani mwanamke huyu ametajwa waziwazi, mbele ya wanaume na watoto, sioni hoja ya kukataza asitajwe mezani kwa mama yake.

Sasa tuulize sababu. Katika miaka miwili au mitatu ya mwanzo baada ya kuvunja ungo, mawasiliano kati ya ubongo na vifuko vya mayai ya uzazi hayajakomaa. Yai halikomai kila mwezi, utando wa tumbo la uzazi hunenepa bila ya mpango, na unapoanguka huanguka kwa wingi. Hii ndiyo sababu iliyo ya kawaida kuliko zote, na kwa bahati mbaya ndiyo iliyowazoeza wengi kusema kwamba msichana atakua na mambo yatatengemaa yenyewe. Ziko na nyingine: mimba iliyoharibika, ambayo sharti iulizwe kwa upole na kupimwa bila ya kumfedhehesha mtoto, maradhi ya tezi ya shingo, na upungufu wa chembe sahani, zile chembe ndogo kabisa za kugandisha damu, ambao huweza kuletwa na maradhi ya uboho au na virusi vya UKIMWI, ambavyo mikoa ya Njombe, Iringa na Mbeya imevijua kwa majonzi kuliko mikoa mingine mingi. Lakini iko sababu moja isahauliwayo, nayo ndiyo madhumuni ya sura hii: damu yenyewe huwa imezaliwa na kasoro ya kuganda.

Mshipa unapopasuka, mja hasalimiki kwa kitu kimoja. Mshipa hujikaza, chembe sahani hukimbilia penye jeraha, kisha protini za damu, moja ikiamsha nyingine kwa zamu, hufuma utando ulio imara. Ili chembe sahani zishikamane na ukingo wa jeraha, ilhali damu inapita kwa kasi, yahitajiwa protini moja ndefu inayotanda pale kama ulimbo anaopaka mtoto wa shamba juu ya tawi, ndege akitua asiweze kuruka tena. Mtu aliyezaliwa na protini hiyo ikiwa pungufu au dhaifu hutokwa na damu kwa muda mrefu katika sehemu laini za mwili: puani, katika ufizi, na kwa mwanamke katika tumbo la uzazi, ambalo kila mwezi huacha mishipa midogo wazi na kuingoja damu iizibe. Kwa sababu hiyo mvulana mwenye kasoro hii huweza kuishi hadi uzee asijijue, lakini dada yake hutahiniwa kila mwezi.

Maradhi hayo hubeba jina la Erik von Willebrand, tabibu wa Finland. Mwaka 1924 aliletewa mjini Helsinki mtoto wa kike wa miaka mitano, Hjördis jina lake, kutoka kisiwa cha Föglö katika visiwa vya Åland, ambaye dada zake kadhaa walikuwa wamekwisha kufa kwa kutokwa na damu. Tabibu yule hakuridhika kumtazama mtoto peke yake; aliifuata aila nzima, akauliza habari za watu 66 wa nasaba ile, akawapata 23 waliokuwa na dalili, na wengi wao wakiwa wanawake, jambo lililomwonyesha kwamba hii si hemofilia, ile kasoro ya kuganda kwa damu ipatayo hasa wavulana, iliyojulikana tangu zamani. Aliyaandika hayo mwaka 1926. Hjördis mwenyewe alifariki akiwa na miaka 13, katika hedhi yake ya nne. Ni karne moja sasa tangu maradhi haya yaingie vitabuni, na mlango yaliyoingilia ni mtoto aliyeuawa na hedhi; kwa hiyo tabibu wa leo hana udhuru wa kusema kwamba jambo hili ni geni.

Wala si nadra kama idhaniwavyo. Wataalamu wa nchi zilizopima hukadiri kwamba mtu mmoja hivi katika kila elfu ana maradhi ya von Willebrand kwa kiasi cha kumletea dalili, na kwamba katika wasichana waendao hospitali kwa hedhi nzito, wenye kasoro ya kuganda kwa damu huweza kufikia mmoja katika watano. Sensa ya 2022 ilihesabu watu zaidi ya 2,300,000 katika mkoa wa Mbeya na karibu 1,200,000 katika mkoa wa Iringa. Kama kadiri ya mmoja katika elfu yatufaa sisi pia, basi mikoa hii miwili ina watu wapatao 3,500 wenye maradhi haya. Na mtu akiuliza katika zahanati za Mufindi, Kilolo, Chunya au Mbarali, ataona jinsi walivyo wachache mno wenye kuyajua kwa jina.

Ni kwa nini yakafichika hivi? Umaskini wa vipimo ni sehemu ya jibu, lakini si jibu lote. Maradhi haya, aghalabu, hurithiwa kwa mzazi mmoja, na ikiwa mzazi huyo ni mama, binti anapokwenda kwake na kusema, "Mama, damu haikomi, leo ni siku ya tisa," husikia sauti ya upendo ikimjibu, "Mwanangu, ndivyo tulivyo sisi. Hata bibi yako alikuwa hivyo." Mama hasemi uongo. Yeye mwenyewe alilowesha magodoro katika ujana wake, akaongezewa damu alipojifungua, na dada yake pengine alifia uzazini. Na kwa kuwa wanawake wote anaowajua kwa siri za mwili ni wa nyumba yake, ameifanya nyumba yake kuwa mizani ya dunia. Hivyo binti hurithi mambo mawili kwa pamoja, kasoro ya damu na hukumu kwamba kasoro hiyo ni desturi. Na la pili ndilo limfungialo mlango wa tiba ya lile la kwanza. Ndiyo maana neno "ndivyo tulivyo", ambalo katika mambo mengine hutuliza moyo, hapa lingepasa kutushtua, kwani aila nzima yenye hedhi nzito ndiyo hasa aila ambayo tabibu angependa kuiona.

Zamani palikuwa na macho mengi. Monica Wilson, mwanaanthropolojia aliyekaa Unyakyusa pamoja na mumewe Godfrey katika miaka ya 1930 na kutoa mwaka 1957 kitabu juu ya mila za jamaa katika nchi hiyo, ameeleza kwa urefu jinsi kuvunja ungo kwa msichana kulivyokuwa shughuli ya ukoo mzima, mwari akiwekwa ndani pamoja na wenziwe na kutunzwa na wanawake wazima. Sitaki kuzisifu mila zote za wakati ule, maana mwari aghalabu alitoka humo kwenda moja kwa moja kwa mume, akiwa bado mtoto. Nasema tu kwamba hedhi yake ya kwanza ilikuwa na mashahidi. Leo msichana wa Rungwe huipata bwenini, chini ya matroni mmoja mwenye wasichana mamia. Na msichana wa Kilolo au Mufindi aliyepelekwa Dar es Salaam kufanya kazi za ndani, zaidi ya kilomita 500 kutoka kwao, huipata katika nyumba ya watu ambao huhesabu siku zake za kazi na si siku za damu yake. Macho yale yameondoka, na hakuna aliyewekwa mahali pake.

Lakini dalili hazimo katika hedhi peke yake, na mwenye kutaka kujua atauliza juu ya mwili mzima na juu ya jamaa wote. Je, msichana alikuwa akitoka muhina utotoni, damu ya pua ikikawia kukoma? Je, ngozi yake huvia damu kwa pigo dogo? Aling'olewa jino, damu ikaendelea hadi kesho yake? Mama alimwagikwa na damu alipojifungua? Na kaka zake, walipotahiriwa, nini kilitokea? Swali hili la mwisho lina maana hususan katika mikoa hii, ambamo tohara haikuwa ada ya wengi mpaka ilipoletwa na serikali kama kinga ya UKIMWI. Mwaka 2010, mkoani Iringa, zaidi ya wanaume na wavulana 10,000 walitahiriwa katika majuma sita tu. Katika aila ambayo mvulana alitoka damu siku nyingi baada ya tohara, huenda pana hemofilia. Na dada yake, ambaye watu humdhania kuwa mbebaji tu asiyeugua, huweza naye kuwa na upungufu wa kutosha kumletea hedhi nzito. Jeraha la kaka na sweta ya dada huwa ni habari moja, lakini kwa kuwa moja liliandikwa katika daftari la tohara na jingine halikuandikwa popote, hakuna aliyeziunganisha.

Madhara ya kunyamaza huonekana kwanza katika upungufu wa damu. Uchunguzi wa taifa wa 2015 na 2016 ulikuta kwamba wanawake 45 katika kila 100 wenye umri wa miaka 15 hadi 49 nchini walikuwa na upungufu huo. Na katika Nyanda za Juu iko hila moja ya kupima ambayo hata wahudumu huisahau: mwili ukaao mwinukoni hutengeneza damu nzito zaidi ili kunasa hewa iliyo haba, na kwa hiyo Shirika la Afya Duniani lataka kipimo cha hemoglobini kipunguzwe kwa kadiri ya mwinuko. Mbeya iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na Iringa kama mita 1,600. Kwa mwinuko huo punguzo hukaribia gramu moja kwa desilita. Msichana aliyepimwa Mbeya akaambiwa ana gramu 12 na nusu, kwa hiyo ni mzima, angekuwa Tanga pengine asingefika 12. Zaidi ya hayo, hemoglobini hushuka mwisho. Akiba ya chuma huisha kwanza, na binti huchoka, hupoteza umakini wa masomo, husikia moyo ukimwenda mbio akipanda kilima, hutamani kula udongo au barafu, huku kipimo kikisema hana neno. Na katika nchi hii ya chai, ambapo mashamba ya Mufindi na Tukuyu yamelifanya birika kuwa la saa zote, inafaa ijulikane kwamba chai inywewayo pamoja na ugali na maharage huzuia chuma kuingia mwilini; ikinywewa saa moja au mbili baada ya chakula, na mahali pake mezani pakawekwa pera au chungwa, chuma cha maharage yale yale hufyonzwa kwa wingi zaidi.

Hospitalini, hatua ya kwanza ni picha kamili ya damu pamoja na hesabu ya chembe sahani, kipimo cha akiba ya chuma, na vipimo vya muda wa kuganda. Lakini tabibu asidanganyike: katika maradhi ya von Willebrand vipimo vya kawaida vya muda wa kuganda huweza kutoka salama, na protini yenyewe hupanda mtu akiwa katika hofu, homa au damu nyingi, hata kipimo cha leo kikasema sivyo na cha mwezi ujao kikasema ndivyo. Vipimo mahsusi vimo katika hospitali chache kubwa. Na kwa hiyo rufaa kwenda Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya, na kutoka hapo kwenda Muhimbili ikilazimu, isicheleweshwe kwa aliyejibu ndiyo katika maswali tuliyoyataja. Hata hivyo, tiba haingoji hati ya maabara. Iko dawa ya asidi ya traneksamiki, iliyovumbuliwa Japani na Utako Okamoto na mumewe Shosuke, wakaitangaza mwaka 1962. Kazi yake ni kuzuia donge la damu lisiyeyuke mapema, nayo huweza kupunguza hedhi kwa theluthi moja hadi nusu. Dawa hiyo haihitaji kuagizwa kutoka mbali, kwani tangu utafiti mkubwa wa 2017, uliohusisha wanawake 20,000 na Tanzania ikiwa miongoni mwa nchi shiriki, inajulikana katika wadi za wazazi kwa ajili ya damu ya uzazi. Itumiwayo kumwokoa mama katika hospitali ya wazazi ya Meta, mjini Mbeya, yaweza kumwokoa binti yake pia.

Viko na vidonge vya majira, ambavyo wazazi wengi wanapovisikia hukunja uso, wakidhani tabibu amempa mtoto wao ruhusa ya uasherati. Dhana hiyo ni batili. Vidonge hivyo huutuliza utando wa tumbo la uzazi usinenepe kupita kiasi, na kwa msichana mwenye damu isiyoganda ni dawa kama nyingine, itolewayo kwa sababu ya afya na si kwa sababu ya mwenendo. Chuma hutolewa kwa miezi kadhaa, hata baada ya nguvu kurudi, ili akiba ijae. Na yako ya kuepukwa: aspirini, diklofenaki na ibuprofeni, ambazo hununuliwa ovyo katika maduka ya dawa kwa ajili ya tumbo la hedhi, hudhoofisha chembe sahani na kumzidishia mgonjwa huyu balaa, yeye atulize maumivu kwa parasetamoli, na asidungwe sindano ya msuli pasipo haja. Aliye katika hatari hupewa mazao ya damu yatokanayo na watoaji wa Mpango wa Taifa wa Damu Salama, ambao una kituo cha kanda mjini Mbeya. Na ziko dawa za faktori, yaani protini za kugandisha damu, zipatikanazo kwa msaada wa Shirikisho la Hemofilia Duniani, ambalo chama cha wagonjwa wa Tanzania ni mwanachama wake.

Basi, ewe mama, bintiyo akikwambia siku ya nane kwamba damu haijakoma, usimjibu kwa historia yako bali umpeleke hospitali pamoja na historia hiyo, maana ndiyo tabibu aihitajiyo. Nawe baba, nauli ya kumpeleka ni haki yake kama ada ya shule. Mwalimu na matroni, wekeni daftari moja la siri, na msichana aombaye ruhusa kila mwezi kwa sababu ile ile aulizwe faraghani, mara mbili akikataa mara ya kwanza. Mwenye nyumba aliyemchukua mtoto wa watu kutoka Iringa, huyo sasa yu mikononi mwako, muulize. Na tabibu, kabla hujamwambia msichana kwamba atakua na hali itatengemaa, muulize pua, ngozi, jino, mama na kaka: maswali matano, yasiyohitaji umeme wala maabara, ambayo zahanati ya mwisho kabisa ya Nyanda za Juu inaweza kuyauliza leo.